Kilo za Heshima

Mlango wa nyumba yetu haufungwi mchana. Ukipita una kiu utaingia, ukipita una habari utaingia hata bila kiu, na ukiwa huna lolote utakaa upewe habari za wengine. Mimi nilizaliwa humo, nikaolewa nikatoka, nikafiwa nikarudi. Niliporudi nilimkuta mke wa kaka yangu, yaani wifi yangu, amekalia kiti changu cha kibarazani, na ugomvi wa kile kiti haujaisha mpaka leo, ingawa kaka mwenyewe alishatangulia mbele ya haki. Asiyetujua hudhani tunachukiana. Anayetujua huvuta kigoda asikilize.

Wifi ni mnene. Mnene wa raha, akicheka vikombe vinaitikia kabatini. Mtaa mzima mwenye leseni ya kulitamka hilo ni mimi peke yangu, kwa kuwa mawifi hatushtakiani. Wengine husema Mama ana mwili, na wakiona wamezidisha husema Mama ana afya.

Binti yake aliolewa na mhandisi wa kiwanda cha pampu za maji, kijana mwembamba, mpole, anayeongea kama anayeogopa kumaliza maneno. Alipokuja kuposa, wajomba walimuuliza ana ndoto gani maishani, na badala ya kusema nyumba au shamba akawaambia anataka kuunda gari lisilo na magurudumu, linalokaa juu ya mto wa hewa likateleza bila kugusa ardhi. Wajomba walitazamana. Mmoja akasema huyu kichwa chake kimejaa upepo, na jina la Fundi Upepo lilimshika hapohapo, hata posa haijajibiwa. Wifi ndiye aliyejibu. Alisema kichwa chenye upepo ni afadhali, kuna vichwa humu ndani havina hata huo. Akatoa binti, na baada ya arusi akatoa na stoo ya uani, maana mwenye nyumba waliyopanga alikuwa ameshawafukuza kwa makelele ya mashine. Wakahamia kwetu, vyombo vyao vikaingia kwa mkokoteni mmoja na mashine zake kwa mikokoteni sijui mingapi.

Tangu siku ile mkwe wetu hakuwahi kumtazama wifi usoni. Alimsalimu kutoka nje ya mlango huku anaongea na kandambili zake. Wifi akiingia sebuleni, yeye anainuka. Wifi akikaa, yeye ameshakumbuka kitu uani. Nilimwambia mara nyingi, baba, huyu ni mama mkwe, si jua la adhuhuri. Akatabasamu, na tabasamu lenyewe akazipa kandambili.

Gari lake la kwanza lilikuwa ubao wa plaiwudi wenye injini ya mashine ya kukatia majani, na chini yake sketi moja kubwa ya mpira inayozuia hewa isitoroke. Uani liliteleza vizuri. Lilipotoka mtaani likakutana na mfereji wa kwanza, hewa yote ikatoka kwa mkupuo, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Na vumbi lililorusha lilitua lote kwa jirani yetu wa ng'ambo, mama anayefua mashuka ya nyumba za wageni, ambaye sote tunamwita Dobi. Dobi alivuka njia na shuka moja begani, akauliza kwa upole kama mkwe wetu ameajiriwa na watengeneza sabuni.

Tulicheka miezi. Kisha wifi akateleza bafuni, akavunjika nyonga, na kicheko kikaisha.

Ni lazima ujue njia yetu ilivyo. Kutoka mlangoni kwetu mpaka barabara ya lami ni mawe, mifereji na mashimo, kila mvua inachora ramani mpya. Gari la wagonjwa huishia kwenye lami, halithubutu kuingia. Basi vijana wa mtaa waling'oa mlango wa chumba changu, wakamlaza wifi juu yake, wakambeba. Walipumzika kila baada ya hatua chache, jasho likiwatiririka, na kila wakipumzika walisema ni njia hii, njia hii ni mbaya sana. Kwenye mfereji mkubwa mmoja aliteleza. Sauti aliyoitoa wifi pale sitaki kuikumbuka, na nimeshindwa kuisahau.

Hospitali walimpiga picha, wakamfunga bandeji, wakasema vitanda vimejaa na daktari bingwa wa mifupa huja kwa nadra. Wakampa siku ya kurudi kwa upasuaji. Asipofika siku hiyo, walisema, mfupa utaunga upande, na hatasimama tena maisha yake. Akarudishwa nyumbani kwa mlango uleule, njia ileile. Alipolazwa kitandani aligeukia ukuta akaapa kwamba njia ile hataipita tena akiwa na fahamu. Watakaombeba wambebe akiwa hasikii kitu.

Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamwambia akilala moja kwa moja kiti ni changu. Akasema chukua. Ndipo nilipoogopa. Wifi yangu hajawahi kuniachia kile kiti.

Mkwe alikuwa uani, nyuma ya dirisha, ameyasikia yote. Aliingia stoo, akaichana sketi yake ya mpira.

Alinieleza baadaye nikaelewa nusu, lakini nusu yenyewe ni nzuri. Pumzi yote ikiwa kwenye sketi moja, alisema, shimo moja linaimaliza. Kwa hiyo badala ya sketi moja ataweka vikombe vingi vya turubai chini ya ubao, safu kwa safu, kila kimoja na bomba lake na pumzi yake. Kikombe kikikuta shimo kitavuja peke yake, vingine vitashikilia. Nikamwambia kumbe unaunda jongoo: mguu mmoja ukikanyaga pabaya, safari haikatiki. Akafikiri kidogo akasema ndiyo, Shangazi, hasa. Na jina likakaa.

Shida ilikuwa turubai. Uani kwetu palitandwa turubai moja zito, imara, ambalo chini yake tulikaa na wageni wote wa nyumba hii: waliooa, waliofiwa, waliokuja kusema tu. Yeye hakuthubutu kuliomba. Wifi alisikia habari kupitia binti yake, akatoa amri akiwa bado ameutazama ukuta: likatwe. Mimi nilishika upande mmoja mkasi ukipita, nikajiambia wageni wana kofia.

Halafu ikabaki namba moja. Mhandisi hawezi kuinua kitu asichojua uzito wake. Alihitaji kujua hewa kiasi gani, vikombe vingapi, na feni ipi. Lakini utamuulizaje mama mkwe kilo zake? Hata kwa mkewe alishindwa kulitamka. Neno mzigo hawezi kulisema, uzito hawezi. Alizunguka, akazunguka, mwisho akamuuliza mkewe chombo kitabeba heshima kiasi gani. Mke akaelewa, akaingia chumbani kwa mama yake, akatoka na jibu. Mkwe akajaza mchanga kwenye mifuko mpaka ikafika namba ile, akaongeza mfuko mmoja kwa usalama, akaipanga juu ya Jongoo, akawasha. Jongoo akainuka. Ukimsukuma kwa kidole anakwenda. Dobi mwenyewe alikuja kusukuma kwa kidole, akarudia, akasema haya, vumbi nimesamehe. Wifi alisimuliwa yote akiwa kitandani, na kwa mara ya kwanza akaligeukia dirisha. Akasema siku ikifika, nitajaribu.

Siku ikafika. Dobi alitoka asubuhi na ndoo za maji ya kusuuzia, akainyunyizia njia yote kutoka kwetu mpaka alipochoka, ili vumbi lisimpige mgonjwa. Na sisi ndani tukaona haiwezekani Mama aende hospitali kwenye ubao mtupu kama gunia la chumvi. Tukafunga juu ya Jongoo ubao wa kichwani wa kitanda chake cha arusi, wa mti mgumu, wenye nakshi. Tukaweka godoro la sufi, lile zito. Pembeni tukapigilia mbao asije akaanguka. Binti akaweka kapu la chupa za chai, mimi nikaweka begi langu, kwa kuwa mtu hajui atakaa hospitali kiasi gani na atakutana na nani. Mkwe alisimama na spana yake anaangalia kila kinachopanda. Nilimwona anafungua mdomo, kisha anaufunga. Vilikuwa vitu vya mama mkwe.

Tulimhamisha wifi kwa shuka, polepole, ameuma pindo. Mkwe akawasha injini.

Vikombe vilijaa, vikanguruma, vikasugua ardhi. Jongoo akakohoa, akainama upande mmoja, akakaa. Mkwe akaongeza moto. Jongoo akatetemeka kama sufuria inayotaka kuchemka, akakaa tena. Mkwe akalala kifudifudi kwenye matope ya Dobi, akapapasa kikombe kimoja kimoja kutafuta kinapovuja. Akainuka, uso umepauka, akasema kwa sauti watu wote wasikie kwamba kosa ni lake. Gundi imeachia mahali, lazima alifungue lote aanze upya. Akaangalia saa. Daktari bingwa alikuwa anaondoka jioni ileile.

Mtaa mzima ulikuwa pale, na hakuna aliyesema kitu. Wale vijana waliobeba mlango ndio waliopendezwa zaidi na mawingu. Kila mmoja alikuwa anajua. Mtu pekee asiyejua alikuwa yule ambaye miaka yote hakuinua macho akaona.

Nilimvuta binti nyuma ya pipa la maji, nikamuuliza alimpa mumewe namba gani. Akaninong'oneza. Nikakaa chini pale pale, juu ya sabuni ya mtu.

Ilikuwa hivi. Mama yake alimtajia kilo zake za mwaka alioolewa yeye. Binti si kipofu, alijua haziwezi kuwa hizo, kwa hiyo akaongeza. Alipofika mlangoni pa stoo akaona haya, mume wangu atamfikiriaje mama yangu, akapunguza alichoongeza. Na alipoitamka akaona aipunguze kidogo tena, ikae vizuri mdomoni. Wote kwa heshima tupu.

Nikasimama niende nikaseme. Mimi nimesema mengi yasiyosemeka katika maisha yangu, na mengine kwenye arusi za watu, lakini hili lilinikwama. Utani una saa yake. Mtu amelala na mfupa uliovunjika, mtaa umemzunguka, ndiyo niende nimwambie mkwe wake tatizo ni unene? Nilifika mpaka kwenye ubao wa nakshi, nikaushika, nikanyamaza.

Wifi alikuwa ananitazama. Akaona uso wangu, na nafikiri ndipo alipojua. Akainua mkono.

"Zima mashine," alisema.

Mkwe akazima. Akasogea, macho kwenye kandambili, akaanza kuomba radhi, Mama nisamehe, nilitaka, nilidhani.

"Baba, inua uso. Nitazame."

Ilimchukua muda. Lakini aliinua.

"Unaona mwanamke wa kilo hamsini hapa?"

Mtu mmoja huko nyuma alipaliwa na kitu.

"Kazi yako nzima, haina kosa, usiifungue. Namba niliyokuletea ni ya mwaka nilioolewa na baba yake huyu. Kliniki mara ya mwisho walinipima kilo mia moja na nne. Na tangu hapo sijafunga." Akavuta pumzi, maana kusema kulimuuma. "Wewe umebeba mengi ya nyumba hii bila kusema. Nikaona nami nisikuongezee. Nilitaka kwako niwe mwepesi."

Mimi ningekisia zaidi ya mia moja na nne, lakini siku ile haikuwa yangu.

Mkwe alimtazama, safari hii bila kuombwa. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Mama," alisema, "wajomba walipocheka, wewe ulinipa stoo. Sijawahi kukuona mzito."

Kisha akawa mhandisi. Midomo ikawa inatembea, anajumlisha. Akauliza kwa adabu kama tunaweza kupunguza kitu. Wifi akamwambia yeye kwa leo hawezi kupungua, labda aje mwezi ujao.

"Si wewe, Mama," alisema. Akaonyesha ubao wa nakshi. "Heshima."

Basi tukaishusha heshima. Ubao wa arusi ulihitaji watu wawili kuubeba, ndipo tukajua ulivyokuwa unatukalia. Wifi akainuliwa tena kwa shuka, godoro la sufi likatoka, likaingia la sponji la chumbani kwangu. Mbao za pembeni zikang'olewa, wifi akafungwa kwa mikanda laini ya mashuka ya Dobi, meupe, ambayo Dobi aliyatoa mwenyewe bila kuombwa. Kapu likashuka. Begi langu nililitetea, nikashindwa. Mkwe akakimbia stoo akaleta feni ya akiba ya majaribio yake ya zamani, akaifunga nyuma, akaunganisha mabomba.

Akawasha. Vikombe vikajaa. Jongoo akasita, na sisi wote tukasita naye. Kisha akainuka taratibu kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

Nilipewa kamba ya mbele kwa sababu niliinyakua. Mkwe alikuwa nyuma anaongoza. Hakuna kilichonivuta mkono, yaani nilikuwa kama naongoza puto. Wifi alifumba macho na kuuma shuka, anasubiri mfereji mkubwa, pale kijana alipoteleza. Nikaufikia. Vikombe vya mbele vikazama, vikapuliza maji ya matope huku na huku, vya katikati vikashikilia, vya nyuma vikafuata, na mimi nikajikuta upande wa pili viatu vimelowa.

Wifi akafumbua jicho moja. "Bado hatujafika kwenye mfereji?"

Nikamwambia tumeshaupita.

Aligeuza shingo kidogo kuutazama unavyobaki nyuma, na machozi yakamtoka, yakaingia masikioni kwa jinsi alivyolala, na akawa anasema ahsante. Hakusema kwa mkwe peke yake. Alisema kwa Dobi, kwa vijana wa mlango, kwa turubai, kwa Mungu, akachanganya wote. Hata mimi nilitajwa, na sijawahi kumkumbusha, naiweka akiba.

Nyuma yetu mtaa ulikuwa umejipanga kama unasindikiza bibi arusi. Kwenye lami, dereva wa gari la wagonjwa alizima redio, akashuka, akachungulia chini ya Jongoo, akatafuta magurudumu. Aliuliza pako wapi pa kushikilia. Dobi akamwambia ashikilie mdomo wake, afungue mlango.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilikaa hospitali siku zote zile bila begi, na bado nilirudi na habari za wodi tatu.

Siku ya kumrudisha, Jongoo alitusubiri pale lami ilipoishia, feni mbili, bila nakshi. Mkwe alikuja mpaka ubavuni kwa wifi, akamtazama usoni, akamuuliza mbele yetu wote, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, leo ni kilo ngapi. Wifi akamtajia, kwa majivuno, maana chakula cha hospitali kilikuwa kimempunguza. Mkwe akasikiliza, akageuka kukaza kitu kwenye feni.

"Umeongeza?" wifi akamuuliza.

"Nimeongeza kidogo, Mama."

"Vizuri."

Siku hizi kiwandani kwao wamempa kona ya karakana, anaunda Jongoo wa pili kwa ajili ya hospitali ileile. Wahandisi wenzake hushangaa kwamba kila uzito wa mgonjwa unaotajwa na ndugu zake, yeye huujazia kiasi fulani kabla hajaanza hesabu. Wanamuuliza kanuni hiyo ameipata kitabu gani. Anasema hizo ni kilo za heshima, na anaendelea na kazi.

Jana jioni wifi alitoka chumbani kwa fimbo yake, mguu baada ya mguu, mpaka kibarazani. Nilikuwa nimekalia kiti. Wageni walikuwepo, wamekaa juani kwa kukosa turubai, na mkwe alikuwa amesimama pembeni kama kawaida yake, tofauti ni kwamba sasa anasimama akitutazama. Wifi akanigonga kifundo cha mguu kwa fimbo, akaniambia niondoke, si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya mwanawe, anyooshe mgongo. Mkwe akakataa, akakataa tena, mwisho akakaa ukingoni mwa kiti, nusu tu.

Mimi nikainuka. Kwa ulimi nilimwambia wifi maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Moyoni nilikuwa nashukuru kwamba bado yupo wa kunifukuza.